Dawa ya Saratani Inayofunguka kwa Kichocheo: Majibu ya Maswali Yenu

Toleo lililopita tuligusia vibebadawa vya nano, yaani vifuko vidogo mno vinavyobeba dawa ya saratani na kuiachia vinapokutana na kichocheo fulani: joto, asidi, kimeng'enya, mwanga au sumaku. Maswali yaliyotufikia yamezidi nafasi tuliyo nayo. Yanayofanana tumeyaunganisha, na kwenye yale yenye mambo mengi tumekaa kwa muda mrefu zaidi.

SWALI: Mama yangu ana saratani ya matiti na ameanza dripu za kemo. Zinamchosha sana. Ndugu mmoja ametuletea habari kwamba siku hizi ipo dawa ya nano inayokwenda kwenye uvimbe tu bila kugusa sehemu nyingine. Hapa mjini kuna mtu anauza matone ya nano kwa laki tatu chupa. Je, tumsimamishie mama kemo tumpe hayo matone? – Binti, Tanga

JIBU: Pole sana, dada, na mama mfikishie salamu zetu. Msimsimamishie kemo. Kila mzunguko unaorukwa unaupa uvimbe nafasi ya kujijenga upya, na matone hayo hayawezi kufidia pengo hilo.

Dawa za saratani zilizo ndani ya vibebadawa vya nano zipo kweli, na zimetumika kwa miaka mingi. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani ilikuwa Doxil mwaka 1995. Ulaya inaitwa Caelyx. Ni doksorubisini, dawa ileile ya kemo ya rangi nyekundu, ila imefungiwa ndani ya liposomu, yaani kifuko cha mafuta chenye upana wa nanomita 80 hadi 100. Mwaka 2005 ikafuata Abraxane, ambayo ni paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, iliyobebwa na protini ya albumini. Zote mbili huingia mwilini kwa dripu, chini ya uangalizi. Na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo haigusi sehemu nyingine za mwili. Doxil huupunguzia moyo madhara, lakini huleta vidonda na maumivu kwenye viganja na nyayo. Zile za kufunguka kwa joto au kwa asidi bado ziko kwenye utafiti, na tutaeleza mbele kidogo jinsi iliyofika mbali zaidi ilivyokwama.

Kama kuna jambo jipya la kumwuliza daktari wa mama, lianzie kwenye majibu ya kipimo cha nyama. Uliza kama uvimbe una vipokezi vya homoni, na kama una protini iitwayo HER2 kwa wingi. Kwa saratani yenye HER2 zipo dawa ambazo kingamwili hubeba sumu hadi kwenye seli, kisha vimeng'enya vya ndani ya seli hukata kiungo na sumu ikatoka. Mfano ni trastuzumabu derukstekani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Ni ghali, na si kila hospitali inayo, lakini wazo lake ndilo hasa hilo mlilolisikia. Halafu mweleze daktari wazi jinsi kemo inavyomtesa mama: kichefuchefu kina dawa, na dozi inaweza kurekebishwa. Joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati wowote baada ya dripu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo bila kungoja asubuhi, maana huenda chembe nyeupe za damu zimeshuka.

Mtu akikuambia dawa yake iko kwenye majaribio, mwombe fomu ya ridhaa na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Mgonjwa anayeshiriki majaribio ya kweli hauziwi dawa inayojaribiwa.

SWALI: Kifuko hicho kinajuaje kwamba kimefika kwenye uvimbe? – Mwalimu wa kemia, Eldoret

JIBU: Hakijui, mwalimu. Kinazunguka na damu kila mahali, na kitafunguka popote kitakapokuta hali kilichoundwa kuiitikia. Namna ya kukifungua wanakemia wamezipata nyingi. Kigumu ni kupata hali ambayo ipo kwenye uvimbe na haipo kwingine.

Chukua asidi. Damu ina pH ya 7.4 (pH ikishuka, asidi imezidi). Seli za saratani hutumia sukari kwa wingi na kuitoa kama asidi laktiki hata pale oksijeni inapokuwepo, jambo ambalo Otto Warburg wa Ujerumani alilionyesha miaka ya 1920. Ndiyo maana majimaji yanayozizunguka huwa na pH ya 6.5 hadi 7.0 hivi. Kutoka 7.4 hadi 6.7 asidi imeongezeka mara tano. Wanafunzi wako wataona ni nyingi, lakini kwa mtu anayetafuta kifungo kitakachotulia siku nzima kwenye damu na kukatika ndani ya dakika chache kwenye uvimbe, mara tano ni kidogo mno. Tena sehemu zenye asidi kali zaidi ndizo zilizo mbali na mishipa ya damu, na kibebadawa huletwa na damu.

Ndani ya seli hesabu ni nyingine. Kibebadawa kikishamezwa hupitia endosomu, kifuko cha kupokelea, pH 5.5 hadi 6.5, kisha huishia kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea, pH 4.5 hadi 5.0. Kutoka 7.4 hadi 5.0 ni asidi mara 250. Hapo kifungo cha hidrazoni, kinachopendwa sana kwa kuunganisha doksorubisini na polima, hukatika vizuri. Lakini lisosomu iko hata katika seli zenye afya, na seli walaji za kwenye ini, zinazomeza kila kigeni kinachopita, zimejaa lisosomu. Asidi ya humo inatuthibitishia kwamba dawa imeingia ndani ya seli, basi. Haisemi seli hiyo ni ya saratani au ni ya ini lenye afya.

Glutathioni, molekuli ndogo ya mwilini inayokata vifungo vya salfa, ina kasoro hiyohiyo. Nje ya seli ipo kwa mikromola 2 hadi 20. Ndani ya seli hufika milimola 1 hadi 10. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na vifungo vya salfa kwa salfa hukatika humo bila shida. Ila seli yenye afya nayo ina glutathioni tele. Vichocheo vya namna hii vinafaa kutoa dawa baada ya kuingia, na kazi ya kuchagua seli ibaki kwa kitu kingine, kama kingamwili kilichobandikwa juu ya kibebadawa.

Vimeng'enya vinakaribia zaidi. Uvimbe hutoa vimeng'enya viitwavyo MMP-2 na MMP-9 ili kukata nyuzi za tishu zinazouzunguka na kupata njia ya kusambaa. Ukikifunga kibebadawa kwa kipande cha peptidi kinachokatwa na vimeng'enya hivyo, kitafunguka pale. Tatizo ni kwamba kidonda kinachopona na kiungo chenye baridi yabisi huvitoa pia, kwa hiyo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wiki mbili zilizopita anaweza kupata dawa kwenye mshono.

Vinabaki vichocheo vya nje: joto, mawimbi ya sauti, mwanga. Hapa anayechagua mahali ni daktari mwenyewe, kwa kuangalia picha ya uvimbe. Kwa maoni yetu, njia hii ndiyo yenye hoja nzito kuliko zote. Mpaka wake nao uko wazi: ni lazima ujue uvimbe uko wapi. Saratani iliyokwisha kutawanyika kwenye mifupa na mapafu huwezi kuifuata kwa joto sehemu moja moja.

SWALI: Nimesoma kwamba chini ya asilimia 1 ya dawa ya nano ndiyo hufika kwenye uvimbe. Kama ni kweli, faida iko wapi? – Msomaji, Kampala

JIBU: Ni kweli, na namba yenyewe ni 0.7. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba kipimo cha kati kilikuwa asilimia 0.7 ya dozi iliyochomwa. Kabla hujakata tamaa, angalia mambo matatu.

Kwanza, zinazobaki zinakwenda wapi? Chembe ndogo kuliko nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Zinazozidi 200 hukamatwa na bandama. Zilizo katikati humezwa kidogo kidogo na seli walaji za ini. Ndiyo sababu vibebadawa vingi hutengenezwa kati ya nanomita 50 na 150 na kuvikwa polima ya PEG, ambayo hushika maji na kuzuia protini za damu zisivigande haraka. Hata hivyo PEG huchelewesha tu kumezwa. Tena wagonjwa wengine hutengeneza kingamwili dhidi ya PEG yenyewe, na dozi inayofuata huondolewa kwenye damu upesi.

Pili, hesabu hizo ni za panya. Mwaka 1986 Matsumura na Maeda wa Japani walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na chembe kubwa hupenya na kukwama humo. Taaluma nzima ilijengwa juu ya ugunduzi huo. Lakini uvimbe wa gramu 1 kwa panya wa gramu 20 ni asilimia 5 ya uzito wake; kwa mtu wa kilo 60 huo ungekuwa uvimbe wa kilo 3. Wa panya hukua kwa wiki chache na mishipa yake huvuja sana. Wa binadamu hukua kwa miaka, na katika mgonjwa mmoja huenda uvimbe mmoja unavuja na wa pili hauvuji.

Tatu, ambalo ndilo kubwa kwetu: dawa isiyofungwa nayo hutapakaa mwili mzima, na ni sehemu ndogo tu inayoishia kwenye uvimbe. Faida kubwa ya Doxil haiko katika kujaza dawa kwenye uvimbe mara mia. Iko katika kuupunguzia moyo madhara.

Kufika pia hakutoshi. Palikuwa na liposomu ya sisiplatini, dawa nyingine ya kemo, iliyoitwa SPI-077, iliyotengenezwa kwa mtindo wa Doxil. Ilizunguka kwenye damu kwa muda mrefu na ilifika kwenye uvimbe, lakini wagonjwa hawakupata nafuu ya maana, kwa kuwa liposomu ilikuwa imara kupita kiasi na sisiplatini haikutoka. Visa kama hicho ndivyo vinavyowasukuma watafiti wasichoke na vichocheo.

SWALI: Tumeanza kupokea doksorubisini ya liposomu kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi. Baadhi yetu tumezoea doksorubisini ya kawaida. Ni makosa gani tujihadhari nayo? – Muuguzi, Mombasa

JIBU: La hatari kuliko yote ni kuzichanganya hizo mbili. Hazibadilishani miligramu kwa miligramu. Ya kawaida hutolewa miligramu 60 hadi 75 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila siku 21. Ya liposomu kwa Kaposi ni miligramu 20 kwa mita ya mraba kila wiki tatu, na kwa saratani ya ovari miligramu 50 kila wiki nne. Mtu aliyeona "doksorubisini" kwenye karatasi akachukua chupa isiyo yake anaweza kuua. Wekeni rafu mbili tofauti, na agizo la daktari liandike neno "liposomu" kwa ukamilifu. Chupa ya liposomu ina ukungu mwekundu unaopitisha mwanga kiasi; ya kawaida ni myekundu angavu. Mkikuta mashapo au vipande ndani, msiitumie.

Hesabu ya mgonjwa mwenye mita za mraba 1.6: 1.6 × 20 = miligramu 32. Chupa ina miligramu 2 kwa mililita, kwa hiyo mnavuta mililita 16. Zimimineni kwenye mililita 250 za dekstrozi ya asilimia 5. Dozi ikizidi miligramu 90, tumieni mililita 500. Msitumie salaini, wala maji yenye kihifadhi kama pombe ya benzili, wala msichanganye na dawa nyingine kwenye mpira mmoja: ukuta wa liposomu ni mafuta, na vitu hivyo vinaweza kuuyumbisha au kuzifanya liposomu zishikane. Chujio la kwenye mpira wa dripu liondoeni. Ikishachanganywa ikae kwenye jokofu na itumike ndani ya saa 24.

Anzeni polepole, isizidi miligramu 1 kwa dakika. Kwenye dozi ya kwanza wapo wagonjwa wanaopata wekundu usoni, kubanwa kifua, kuumwa mgongo au kushuka presha ndani ya dakika chache. Mara nyingi si mzio wa kawaida. Ni kinga ya damu iitwayo komplimenti inayoamshwa na chembe zenyewe, ndiyo maana kasi ya dripu inaleta tofauti. Simamisheni, mtulizeni mgonjwa, mwiteni daktari. Wengi wanaweza kuendelea kwa kasi ndogo zaidi, ila aliyepata athari kali haendelei. Vifaa vya dharura viwe mkononi kabla ya kufungua dripu, visiwe vya kukimbilia baadaye.

Ngozi ya viganja na nyayo huanza kuwasha na kuwa nyekundu, aghalabu baada ya mzunguko wa pili au wa tatu. Mwambieni mgonjwa mapema: asioge maji ya moto, asivae viatu vya kubana, asifue nguo nyingi kwa mikono siku za mwanzo baada ya dripu. Akianza kupata malengelenge daktari ataahirisha dozi. Wakulima na wafuaji huvumilia kimya mpaka ngozi inachubuka, kwa hiyo ombeni waonyeshe mikono na miguu kila wanapokuja. Moyo nao ufuatiliwe. Liposomu hupunguza madhara lakini haiyafuti, na doksorubisini yoyote aliyopata zamani inahesabiwa kwenye jumla.

Hifadhi ni nyuzi 2 hadi 8, bila kugandisha. Umeme ukikatika, andikeni saa uliyokatika na joto lililosomwa, kisha mwulizeni mfamasia kabla ya kutumia chupa hizo. Kwa macho hamwezi kuona kwamba liposomu zimevuja.

Hospitali isiyoipata dawa hii haijaachwa mikono mitupu. Majaribio yaliyohusisha wagonjwa wa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, matokeo yakatoka mwaka 2020, yalionyesha kwamba paklitakseli pamoja na ARV iliwasaidia wenye Kaposi iliyokomaa kuliko bleomisini na vinkristini.

SWALI: ThermoDox, liposomu ya doksorubisini inayofunguka kwa joto, ilisifiwa sana, kisha ikanyamaza. Ilishindwa kwa nini? – Daktari kijana, Dodoma

JIBU: Ni kisa kinachostahili kusomwa na kila anayeingia fani hii, maana kemia yake ilifanya kazi.

Wazo la liposomu inayoyeyuka kwa joto lilitangazwa na Yatvin na wenzake mwaka 1978. Fosfolipidi iitwayo DPPC hubadilika kutoka ugumu kwenda ulegevu kwenye nyuzi 41 hivi, na wakati wa kubadilika ukuta huvuja. Mwaka 2000 David Needham na wenzake walionyesha kwamba ukiongeza lisolipidi kidogo, ukuta haulegei tu: unafungua vitundu, na doksorubisini inamiminika ndani ya sekunde chache kwenye nyuzi 40 hadi 42. Kasi hiyo ilibadilisha mkakati. Haikuhitajika tena kungoja liposomu zipenye kwenye uvimbe. Zingefunguka zikiwa bado ndani ya mishipa inayopita kwenye nyama iliyopashwa joto, na dawa huru ikapenya yenyewe.

Kampuni ya Celsion ikaipeleka liposomu hiyo, ThermoDox, kwenye saratani ya ini. Jaribio la HEAT lilichukua wagonjwa 701 wenye uvimbe wa sentimita 3 hadi 7. Wote waliunguzwa uvimbe kwa sindano ya mawimbi ya redio. Nusu walipewa pia ThermoDox miligramu 50 kwa mita ya mraba kwa dakika 30, na kuunguza kukaanza dakika 15 hivi baada ya dripu kuanza. Hoja ilikuwa nzuri: kitovu cha uvimbe kinaungua, lakini ukingo wake hupata joto lisilotosha kuua, na hapo ndipo saratani hurudi. Joto hilo pungufu ndilo linalofungua liposomu. Januari 2013 matokeo yakatoka: muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea haukutofautiana vya kutosha.

Walipochambua upya, waliona kwamba muda wa kuunguza ulitofautiana sana kati ya daktari na daktari. Wagonjwa 285 wenye uvimbe mmoja waliopashwa joto dakika 45 au zaidi walionekana kuishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo likaanzishwa jaribio la pili, OPTIMA, wagonjwa 556, dakika 45 zikawa lazima. Mwaka 2020 kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ikaona hakuna matumaini ya kufaulu, ikashauri kampuni ifikirie kulisimamisha.

Somo la kwanza ni la takwimu: kundi lililochaguliwa baada ya matokeo kujulikana hutoa dokezo la kupimwa upya, na hili lilipopimwa upya lilianguka. La pili ni la fizikia. Sindano ya kuunguza hupasha joto kwa duara lisilolingana, na mshipa mkubwa wa damu ukipita karibu huondoa joto, kwa hiyo ukingo uleule uliolengwa huenda haukufika nyuzi 40 kwa muda wa kutosha. Wala hapakuwa na kipimajoto kwenye ukingo kwa kila mgonjwa wa kuthibitisha. Tena liposomu hizi huvuja hata kwenye nyuzi 37, kwa hiyo ukichelewa saa chache umebaki na doksorubisini ya kawaida kwenye damu.

Watafiti wa Oxford, Uingereza, walijaribu kwa njia nyingine. Katika jaribio la TARDOX, lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 10 wenye uvimbe kwenye ini walipewa ThermoDox, kisha uvimbe ukapashwa joto kutoka nje kwa mawimbi ya sauti yaliyokusanywa mahali pamoja. Dawa ndani ya uvimbe iliongezeka kwa wastani wa mara 3.7. Ni uthibitisho kwamba kichocheo kinafanya kazi ndani ya mwili wa binadamu. Kama wagonjwa wataishi zaidi ni swali ambalo watu 10 hawawezi kulijibu.

SWALI: Natengeneza liposomu za joto kwa utafiti wa shahada ya pili. Nikipima kwa mfuko wa dayalisisi, kwenye 42 °C dawa inatoka asilimia 40 tu baada ya saa moja, na kwenye 37 °C tayari inavuja. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Inawezekana liposomu zako ni nzuri kuliko vipimo vyako. Mfuko wa dayalisisi una kasi yake: dawa ikishatoka kwenye liposomu lazima ipite tena kwenye ukuta wa mfuko, na hilo huchukua saa. Unajaribu kupima tukio la sekunde kwa kifaa cha saa. Weka mfuko wenye doksorubisini tupu, bila liposomu, uone yenyewe inachukua muda gani. Bila kipimo hicho cha kulinganisha, asilimia 40 yako haina maana.

Tumia mng'ao wa doksorubisini. Ikiwa imebanana ndani ya liposomu mng'ao wake huzimika, ikitoka huwaka. Pasha bafa kwanza kwenye kuveti mpaka itulie, tia mikrolita 10 hadi 20 za liposomu kwenye mililita 2 au 3, koroga, soma kwa mwanga wa nanomita 480 kuingia na 590 kutoka, kila sekunde chache kwa dakika 10. Mwishoni tia sabuni ya Triton X-100 kuvunja zote. Asilimia iliyotoka = (mng'ao wa sasa − wa mwanzo) ÷ (wa Triton − wa mwanzo) × 100. Usomaji wa mwanzo na wa Triton ufanyike kwenye joto lilelile, maana mng'ao hupungua joto likipanda. Tena zamisha waya mwembamba wa kupimia joto ndani ya kuveti. Namba ya kwenye mashine ni ya kizuizi cha chuma, na hapa kosa la nyuzi 1 hubadilisha kila kitu.

Sasa utengenezaji. Kwa mikromoli 100 za lipidi kwa uwiano wa 86:10:4: DPPC miligramu 63.1, MSPC (lisolipidi) miligramu 5.2, DSPE-PEG2000 (lipidi yenye PEG) miligramu 11.2. Yeyusha kwenye klorofomu, kausha kwa rotavapa mpaka upate utando mwembamba, kisha vuta hewa usiku kucha. Klorofomu iliyobaki huvujisha. Ongeza mililita 4 za bafa ya sitreti milimola 300, pH 4.0, kwenye nyuzi 55 hadi 60 kwa nusu saa. Sukuma kupitia utando wa nanomita 200, kisha wa 100, kifaa kikiwa moto muda wote. Ukitumia kifaa cha mkono chenye sirinji mbili, pitisha mara 11 au 21, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili kilichokamilika kiishie kwenye sirinji ya pili na mabonge yabaki ya kwanza.

Badilisha bafa ya nje iwe HEPES yenye chumvi, pH 7.4, kwa kutumia safu ya Sephadex. Bila hatua hii hakuna tofauti ya pH, na dawa haitaingia. Weka doksorubisini miligramu 1 kwa kila miligramu 20 za lipidi, hapa miligramu 4, kwenye nyuzi 37 kwa saa moja, halafu zitie kwenye barafu. Tunahisi hapa ndipo uvujaji wako ulipoanzia. Wengi hunakili maelekezo ya Doxil na kupakia kwenye nyuzi 60. Doxil inavumilia kwa sababu ina lipidi ngumu na kolesteroli, lakini hizi zako hufunguka, tofauti ya pH inakufa na dawa inabaki nje. Usiongeze kolesteroli kurekebisha. Itazuia uvujaji kweli, na itaua badiliko la ukuta unalolitegemea.

Ukubwa ukiupima kwa DLS, yaani kwa mwanga unaotawanywa na chembe, kipimo cha mtawanyiko wa ukubwa kiwe chini ya 0.1, au isizidi 0.2. Mashine hiyo huona chembe kubwa kupita kiasi, kwa hiyo vumbi kidogo linatosha kukuharibia somo. Chuja bafa ya kuchanganyia.

Ukimaliza, rudia kila kitu kwenye seramu ya asilimia 50. Protini huongeza uvujaji kwenye nyuzi 37, na kwenye damu ndiko dawa yako itakakoishi. Thesisi yenye matokeo ya bafa peke yake itaulizwa swali hilo siku ya utetezi.

SWALI: Je, sumaku ya nje inaweza kuivuta dawa mpaka kwenye uvimbe? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kwenye uvimbe wa juu juu, kidogo. Nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kadiri unavyokwenda mbali nayo, na kwenye ini au kongosho damu inayokwenda kasi huishinda. Sumaku hutumika zaidi kupasha joto. NanoTherm ya Ujerumani, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2010 kwa uvimbe wa ubongo wa glioblastoma, ni chembe za oksidi ya chuma zinazochomwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, kisha mgonjwa huwekwa kwenye uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde na chembe hupata moto. Hazibebi dawa. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo hawezi kutibiwa hivyo, na meno yaliyozibwa kwa madini huondolewa mazibo kwanza, kwa sababu nayo yangepata moto.